Nyumba Isiyo na Hodi: Watoto Wetu na Ulimwengu wa Kubuni

Mzazi wa leo akiulizwa mwanawe yuko wapi baada ya sala ya Isha, hujibu kwa moyo uliotulia: "Yumo ndani, achezea simu." Zamani jibu hilo lingetosha, kwani aliyekuwa ndani alikuwa ndani kweli, mlango umefungwa, na atakaye kuingia ni lazima apige hodi. Leo halitoshi. Mtoto aweza kuwa amelala kifudifudi kitandani mwa mamake, na wakati huo huo akawa yumo katika ukumbi wenye watu wa nchi kumi, asiomjua hata mmoja, wala hapana mtu mzima wa nyumbani aliyemwona akitoka. Makala haya yataka kuutazama ukumbi huo kama fundi atazamavyo jengo: umejengwa vipi, mlango wake uko wapi, na ni nani akaaye mlangoni.

Kwanza tueleze ni kitu gani tukisemacho, maana wengi katika sisi wazee hulihukumu jambo kabla ya kulijua. Michezo ya simu ni ya namna nyingi. Iko ambayo mtoto hucheza peke yake, akapanga rangi au akakimbiza gari, na shari yake kubwa ni kupoteza wakati. Lakini iko mingine ambayo kwa hakika si michezo, bali ni miji. Anayeingia hujichagulia jina, akapewa kikaragosi cha kumwakilisha, akakivisha nguo apendazo, kisha akatembea nacho huku na huku, akajenga nyumba, akaingia dukani, akafanya marafiki, na akazungumza na kila akutanaye naye, kwa maandishi au kwa sauti yake mwenyewe. Nyuma ya kila kikaragosi yuko mtu wa kweli. Kijana mmoja wa chuoni alinieleza kwa furaha kubwa: "Sheikh, mule hamna wakubwa wala wadogo, sote ni wachezaji." Yeye aliyasema hayo kwa kuusifu mji wake. Mwenye kufikiri ataona kuwa hapo ndipo ilipo kasoro yake.

Ulio mashuhuri kupita yote kwa watoto ni Roblox. Kampuni yake iliasisiwa Marekani mwaka wa 2004 na David Baszucki na Erik Cassel, na mji wenyewe ukafunguliwa kwa watu mwaka wa 2006. Mwaka wa 2025 kampuni ilitoa hesabu yake kuwa wanaoingia kila siku wamepita milioni 100, na sehemu kubwa ya hao ni watoto wasiotimia miaka 13. Hebu pima, msomaji: ni mji ambao wakaao ndani yake kwa siku moja ni wengi kuliko watu wote wa Kenya, na umejaa watoto, na malango yake yako mifukoni mwetu.

Insafu yatutaka tutaje wema wa kitu kabla ya kukitia ila. Roblox haikutengenezewa uovu. Michezo iliyomo humo haikutungwa na kampuni, bali na wachezaji wenyewe, na wengi wao ni vijana. Mtoto aweza kujifunza kupanga amri za kompyuta, akajenga mji au duka au chombo cha baharini, na watoto wenziwe wakaja kucheza katika alichokijenga. Hii ni sanaa, na ni elimu, na mwenye kuikataa yote kwa neno moja hatasikilizwa na mwanawe, kwa kuwa mtoto ajua kuwa mzee asema jambo asilolijua. Tena tukumbuke kuwa viwanja tulivyochezea sisi, vingi vimejengwa, na njia tulizokimbia zimejaa pikipiki na magari. Mtoto anayetafuta wenziwe ndani ya simu hakosei kutafuta wenzi. Suala ni mahali anapowatafutia.

Basi tuupime mji huu kwa kipimo gani? Mimi napendekeza kipimo ambacho kila nyumba ya pwani yakijua, nacho ni hodi. Katika Surat Nnur waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kuwasalimu wenyewe, na hata watoto wa nyumbani wamewekewa nyakati tatu ambazo hawaingii kwa wakubwa bila ya ruhusa. Wazee wetu waliijenga adabu hiyo kwa chokaa na mawe. Nyumba za kale za Lamu zimepangwa kwa hesabu: mgeni huanza dakani, akipewa njia hupita tekani, akafika kiwandani, kisha misana, na ndani kabisa hapafiki ila mwenyewe na aliye wake. Kila hatua ina ruhusa yake, na ruhusa huenda kwa kadiri mtu anavyojulikana. Mwuza samaki hukoma mlangoni. Rafiki wa baba hukaa barazani. Mjomba huingia ndani. Hakuna aliyemchukia mwuza samaki. Ni kuwa kila mtu ana mahali pake.

Jengo lolote la watoto, liwe la mawe au la kubuni, laulizwa maswali matatu: Je, mgeni hujulikana kabla ya kuingia? Je, kuna daka na kuna ndani, au pote ni pamoja? Na je, yuko bawabu mlangoni? Tuyatazame majengo matatu kwa maswali haya.

La kwanza ni Club Penguin, lililoanzishwa Canada mwaka wa 2005, ambako kila mtoto alikuwa ndege mnene wa barafuni. Mwaka wa 2007 kampuni ya Walt Disney ililinunua kwa dola milioni 350. Nalitaja kwa kuwa wajenzi wake walifikiri habari ya mlango. Mzazi aliweza kuchagua kuwa mwanawe asiandike neno lolote la kwake, bali ateue maneno yaliyokwisha tungwa: salamu, mzaha, mwaliko wa kucheza. Mtu akitaka kumwuliza mtoto huyo akaa mtaa gani, mtoto hakuwa na namna ya kumjibu. Tena palikuwa na watu walioajiriwa kuyaangalia mazungumzo. Waweza kusema kuwa mazungumzo hayo yalikuwa makavu, na ni kweli. Lakini ukavu wake ni ukavu wa daka: mgeni asalimiwa, haingizwi ndani.

Jengo hilo lilifungwa mwezi wa Machi 2017, na yaliyofuata yana funzo kuliko yaliyotangulia. Watu wengine wasio na idhini walitengeneza nakala zake, ndege wale wale na barafu ile ile, na watoto wakaingia kwa kulipenda jina. Mwaka wa 2020 BBC ilifichua kuwa katika nakala moja watoto walikuwa wakiandikiwa maneno machafu, na Disney ikalazimisha ifungwe. Kuta zilikuwa ni zile zile. Bawabu ndiye hakuwako. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Huo mchezo naujua, hata kaka yake aliucheza." Jina la nyumba si mlango wa nyumba.

La pili ni Habbo, hoteli ya kubuni iliyoanzia Ufini mwaka wa 2000 na kupendwa na vijana wa nchi nyingi. Hoteli hiyo ilitegemea chujio la maneno na waangalizi, huku mamilioni wakiingia na kutoka. Mwezi wa Juni 2012 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha jinsi mazungumzo ya ufasiki yalivyoenea humo mbele ya watoto. Wenye hoteli wakafanya jambo la ajabu: waliyazima mazungumzo yote, hoteli nzima ikawa kimya, kisha wakayafungua kidogo kidogo. Mimi nawasifu kwa kuzima, lakini nauliza: ilikuwaje mpaka mtu wa nje ndiye aje kuwaambia wenye nyumba yanayopita ndani ya nyumba yao?

La tatu ndiyo hiyo Roblox, na hapo pataka maneno zaidi, kwa kuwa ndipo walipo watoto wetu.

Kwa miaka mingi ulinzi wake mkubwa ulikuwa chujio. Neno baya likiandikwa, hugeuzwa alama za reli. Lakini chujio lasoma maneno, halisomi nia. Aliyekusudia shari hahitaji neno hata moja baya. Njia yake yajulikana na wote wanaoshughulika na kuwalinda watoto, nami nitaieleza hatua kwa hatua ili mzazi aitambue. Kwanza hucheza na mtoto, tena humwacha ashinde. Pili humsifu, na kumsikiliza pale ambapo nyumbani hasikilizwi. Tatu humpa zawadi, na aghlabu ni Robux, fedha ya mji huo ambayo hununuliwa kwa fedha za kweli. Nne humwambia, "Hapa maneno yakatika katika, njoo tuzungumze kwengine," akamtoa kwenye mchezo na kumpeleka penye ujumbe wa faragha, ambako chujio halipo. Tano humfunza kuficha: "Mamako hataelewa." Sita huomba picha. Na akishaipata, rafiki yule hugeuka: tuma nyingine, au hii nitawaonyesha jamaa zako wote. Toka siku hiyo mtoto yumo kifungoni ndani ya nyumba ya babake, naye akipita ukumbini watu wamwona mzima.

Angalia, msomaji, kuwa katika hatua tano za mwanzo hapana neno la kuchujwa. Hizo ni sifa, zawadi na siri. Hapo ndipo ninapouona upungufu wa jengo hili: liliweka ungo mahali palipotaka mlango.

Malalamiko yalipozidi, mambo yalianza kubadilika. Uturuki iliufungia mchezo huo mwezi wa Agosti 2024. Mwezi wa Novemba mwaka huo kampuni ilitangaza kuwa watoto chini ya miaka 13 hawataweza kutumiana ujumbe wa faragha nje ya michezo, na kuwa mzazi aweza kuiunganisha akaunti yake na ya mwanawe, akatazama kutoka simu yake ni nani marafiki wa mtoto na ni muda gani achezao. Mwezi wa Agosti 2025 Qatar na Kuwait nazo ziliufungia, na mwanasheria mkuu wa jimbo la Louisiana huko Marekani akaishitaki kampuni mahakamani kwa kutowalinda watoto, mashitaka ambayo kampuni yenyewe imeyakanusha. Novemba 2025 ikatangazwa kuwa atakaye kuzungumza ni lazima umri wake ukadiriwe kwa kuutazama uso wake mbele ya kamera, kisha watu wagawanywe kwa rika, mtoto wa miaka kumi asichanganywe na mtu mzima. Jambo hilo lianze na nchi chache, kisha Januari 2026 lienee kote.

Haya ni mazuri, nami sitaki kumnyima mtu haki yake. Kugawa kwa rika ndiko kutenga daka na ndani. Lakini mji ulifunguliwa mwaka wa 2006, na malango haya yanawekwa karibu miaka 20 baadaye, wakati waliokuwa watoto siku hizo sasa wana watoto wao. Fundi anayejenga ghorofa, akahamisha watu, kisha akakumbuka ngazi haina kitalu baada ya watoto kuanguka, hatumwiti mwovu; lakini hatumwiti fundi mwangalifu. Tena kukadiria umri kwa uso ni kukadiria tu. Kijana aliyekua upesi huonekana mkubwa, na mkubwa mwenye uso laini huonekana kijana. Mlango huo wapunguza wageni wabaya, hauwamalizi.

Wako wasemao: basi serikali zetu nazo zifunge, tupumzike. Siwapingi wanaotaka sheria. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka wa 2018 na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, na Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka wa 2015, na zote zafaa zitumike. Lakini kufunga mji mmoja hakumfunzi mtoto adabu ya safari. Ukiuziba mlango huu, kuna mingine mia, na vijana wazijua njia za kuzunguka kuliko wazibao. Mtoto aliyefunzwa kumtambua mgeni mbaya amelindwa katika kila mji. Aliyefungiwa mmoja amelindwa katika huo tu.

Sasa tugeuze kipimo upande wetu, kwani si haki kumhakiki fundi wa ng'ambo tukamwacha mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto hana simu yake. Huchezea ya mama. Mara nyingi akaunti imefunguliwa kwa jina la mama na mwaka wa kuzaliwa wa mama, au kaka mtu ameandika umri wa uongo ili mdogo wake asizuiwe. Jambo hili laonekana dogo, na kumbe ndilo linalobomoa yote. Sehemu kubwa ya ulinzi niliotaja hutegemea umri ulioandikwa. Mtoto wa miaka tisa aliyeandikwa ana miaka thelathini na minane, mji waweza kumhesabu ni mtu mzima, ukamfungulia yasiyo ya rika lake. Na mama akiulizwa uso kwa ajili ya mazungumzo, naye akautoa ili mtoto asilie, ameufungua mlango kwa mkono wake. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Uongo wa umri si werevu. Ni kumvisha mtoto kanzu ya mtu mzima na kumpeleka penye watu wazima.

Na liko lingine la kuliangalia. Tunapotaja hatari, fikira zetu huenda kwa mtu wa mbali asiyejulikana. Lakini uchunguzi uliofanywa na UNICEF, INTERPOL na ECPAT katika Kenya na Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2021 na 2022, ulionyesha kuwa mara nyingi amdhuruye mtoto kwa njia ya mtandao ni mtu ambaye mtoto amjua tayari. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtoto, "Usizungumze na usiyemjua." Jirani, jamaa, hata mwalimu, akianza kumpa mtoto siri na zawadi kwa simu, hukumu yake ni ile ile. Tusiangalie mtu ni nani; tuangalie afanyalo.

Basi lifanyike nini? Nitayataja machache, yawezekanayo katika nyumba ya kawaida.

Kwanza, akaunti ya mtoto iwe ya mtoto, na mwaka wake wa kuzaliwa uwe wa kweli, na mzazi aiunganishe na yake. Asiyejua kufanya aombe msaada kwa kijana mwaminifu wa nyumbani, naye aketi naye mpaka ajue.

Pili, simu ichezewe ukumbini, si chumbani penye mlango uliofungwa, na usiku ilale kwa wakubwa.

Tatu, mzazi aingie mji huo pamoja na mtoto, japo nusu saa kwa juma. Amwulize: nyumba hii umeijenga wewe? Huyu ni nani? Mmejuana wapi? Kuuliza kwa upole kwapata majibu ambayo fimbo haipati.

Nne, mtoto afunzwe mambo matatu kama afunzwavyo kujikinga na moto: anayekupa zawadi kwa siri, anayekuita mwahali pengine pa faragha, na anayetaka picha yako, hao watatu hawajibiwi, na mzazi huambiwa siku hiyo hiyo.

Tano, na hili ndilo kubwa: mtoto ajue kwa yakini kuwa akija kusema hatapigwa wala hataaibishwa, hata ikiwa amekwisha kosa. Silaha ya mwovu si ile picha. Silaha yake ni hofu ya mtoto kwa wazazi wake. Twaogopa aibu, na aibu ina mahali pake. Lakini aibu inayomzuia mtoto kupiga kelele akiwa anazama si aibu njema. Mzazi akisha kuambiwa, asifute ujumbe kwa hasira. Auhifadhi uwe ushahidi, amzuie mtu yule, na apeleke habari polisi. Kenya na Tanzania zote zina simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nambari 116.

Ndugu msomaji, hukumu yangu juu ya miji hii ni kuwa wajenzi wake wana ustadi mkubwa wa kuwavuta watoto waingie, na walichelewa mno kufikiri ni nani mwingine atakayeingia pamoja nao. Waendelee kulaumiwa mpaka watengeneze. Lakini hapana bawabu wa Marekani atakayemjua mwanao kwa sauti yake ikibadilika, au kwa chakula alichokiacha sahanini. Wewe wamjua. Usiku wa leo, mtoto akiwa na simu mkononi, keti karibu naye, umwambie akuonyeshe mji wake. Piga hodi, naye atakukaribisha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, wa ndani na wa nje. Amin.